Mafuta ya karai: shajara ya kukusanya mafuta machakavu, Unguja mjini

Wiki ya 1

Naanza kuandika leo ili tusije tukasahau tulianzia wapi, na pia mtu mwengine anaetaka kujaribu kitu kama hichi Pemba au Tanga au popote ayaone makosa yetu kabla hajayarudia. Tuko watatu. Mimi, mdogo wangu anaendesha bajaji, na ami yetu ana keri, kigari kidogo cha mizigo, anayobebea mchanga na matofali. Kazi yenyewe ni kukusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi, yale meusi yanayobaki kwenye karai, kutoka kwa wauza chipsi, bajia, samaki, maandazi, na mahoteli tukiweza, tuyachuje alafu tuyapeleke kwa mnunuzi Dar ambae yeye anayasafirisha nje yanakotengenezwa dizeli.

Kwa nini mimi? Mama yangu kauza bajia na kachori tangu sijaanza skuli. Mafuta yakichoka alikuwa anayamwaga kwenye karo, lile shimo la maji machafu, nyuma ya nyumba kwa sababu hakukuwa na pahala pengine, na karo letu lilikuwa linajaa upesi kuliko la jirani mwenye watu wengi zaidi, tunaita gari la kunyonya, pesa inakwenda, baada ya miezi michache tena. Miaka baadae ndo nikaelewa kwamba maji ya karo yanatakiwa yanywewe na udongo, na mafuta yanaziba vile vitundu vya udongo yakishikana na uchafu, basi maji hayana pa kupita. Na wasio na karo wanamwaga mtaroni, na mitaro ya mjini mwisho wake ni bahari, hakuna pengine. Sisi tunaoishi kwa samaki wa bahari hii hii.

Wiki hii tumetembea kwa miguu kutoka Kikwajuni, Michenzani, Mlandege mpaka Darajani tukihesabu sehemu zinazokaanga kitu. Tumepata 63, na hapo hatujaingia vichochoro vya Mji Mkongwe wala hatujagusa Jang'ombe, Amani na Mwanakwerekwe. Nyingi ni karai moja na jiko moja la mkaa au gesi mbele ya mlango wa nyumba.

Tumeweka mapipa matatu ya lita 200, kila moja na karatasi ya maelezo, kwa ruhusa ya wenye maduka. Tunasubiri.

Wiki ya 2

Lita 11. Mapipa yote matatu, wiki nzima. Na moja tumekuta maji ya mvua na maganda ya viazi, watu walidhani ni pipa la taka, na sioni wa kumlaumu mana kweli linafanana na pipa la taka.

Niliwauliza wanawake wawili wa Mlandege kwa nini hawakuleta. Mmoja kanambia, "Mwanangu, nimalize kukaanga, nina wajukuu ndani, nibebe mafuta nivuke njia mbili nikakupe wewe bure?" Sikuwa na jibu. Mapipa tumeyaondoa, saivi yako stoo kwa ami, yatafaa kwa kutuamisha.

Wiki ya 4

Tumebadilisha, tunapita wenyewe kwa bajaji, na tunalipa shilingi 700 kwa lita, pesa mkononi. Wiki ya kwanza ya kupita tulipanga saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana kwa sababu huo ndo muda bajaji haina abiria wengi. Matokeo yake tunakuta milango imefungwa. Wauza bajia asubuhi wako sokoni au wanasaga kunde, wanaanza kukaanga alasiri. Wauza chipsi wanafungua jioni. Wauza maandazi walishamaliza zamani, wanaamka alfajiri na saa 2 asubuhi washaosha vyombo.

Yaani kila karai ina saa yake, na mafuta yanapatikana kwenye ile nusu saa tu ambayo mtu anaosha karai. Ukiwahi hayajawa machakavu kwa maoni yake, anasema bado yanafaa. Ukichelewa keshayamwaga au keshampa mtu. Tukakaa na daftari tukaandika kila sehemu na saa yake ya kuosha, tukapata njia tatu: ya maandazi saa 2 asubuhi, ya bajia na samaki baada ya isha, na ya chipsi ambayo ni usiku mkubwa.

Hii ya usiku ndo iliyotuumiza. Alhamisi saa 5 usiku kijana mmoja wa chipsi alitaka kufunga, mafuta yake bado ya moto, mdogo wangu akamwambia mimina tu tuondoke. Mafuta ya kukaangia yanafika digrii 180, dumu la plastiki linaanza kulainika mapema sana kabla ya hapo. Dumu lilisinyaa chini ndani ya bajaji na mafuta yakamwagikia mguuni. Alhamdulillahi alikuwa na viatu vya kufunika na yalikuwa yashapoa kidogo, kapata malengelenge juu ya mguu tu, lakini nilikaa nae hospitali mpaka saa 8 usiku na nikajiuliza kama kazi hii ina thamani ya mguu wa mtu.

Tangu siku hiyo sheria ni moja na haina mjadala: hatuchukui mafuta ambayo huwezi kuweka kiganja nje ya chombo ukahesabu mpaka kumi. Wa usiku tunawaachia dumu tupu na faneli, mafuta yanalala kwenye karai yamefunikwa, asubuhi anamimina mwenyewe, tunapita kuchukua na kuacha dumu jengine tupu. Hii ya kuacha dumu tupu kwa kuchukua lililojaa imesaidia kuliko kitu chochote mpaka sasa. Dumu likikaa pale jikoni linamkumbusha mtu.

Kuhusu madumu: usitumie ya njano. Madumu ya njano ndo yanayoletewa mafuta mapya, na mtu akiliona dumu la njano lina mafuta ndani anajua ni ya kula. Tumenunua ya buluu na tumeandika kwa rangi nyekundu SI YA KULA pande zote mbili. Sababu inafuata.

Wiki ya 5

Wiki ngumu, na nataka kuiandika kwa urefu.

Nilikuwa najiuliza kwa nini maduka makubwa ya chipsi, yale yenye makarai mawili matatu, yanatupa lita 3 au 4 tu kwa wiki wakati kwa macho unaona wanatumia madumu. Nilidhani wanamwaga. Hapana. Jumatatu nimekaa kwenye kibaraza karibu na duka moja nikinywa kahawa, nikaona kijana anatoka na dumu la njano, mafuta ndani rangi ya chai ya rangi, anampa mwanamke aliyekuja na mtoto, anapokea pesa. Nikamfata yule mwanamke taratibu nikamsalimia na kumueleza kazi yetu, nae hakunificha. Anakaanga mihogo na samaki wadogo. Hana uwezo wa kununua dumu la mafuta mapya kwa hiyo ananunua yaliyotumika, dumu la lita 20 kwa shilingi 25,000. Anayatumia mpaka yawe meusi na yatoke povu, na mabaki yake anayachanganya na ya dumu linalofata.

Basi hapo nikaelewa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza, sisi kwa 700 kwa lita tunatoa 14,000 kwa dumu, tunashindana na 25,000, kwa nini mtu atupe sisi? Na cha pili kibaya zaidi, yale mafuta tunayoyaita taka, kuna watoto wanayala kila jioni baada ya madrasa.

Mafuta yakipashwa moto mara nyingi yanavunjika. Yanakuwa mazito, yanatoa povu, yanaanza kutoa moshi kwenye moto mdogo kuliko mwanzo, na ule moshi unaowasha macho na koo sio moshi wa kawaida, ni mafuta yenyewe yanaungua. Nchi nyingi za Ulaya zina kiwango rasmi cha mafuta ya kukaangia, wanapima zile sehemu zilizoharibika, Ujerumani zikizidi asilimia 24 na Ufaransa 25 mafuta yanatakiwa kutupwa. Hapa kwetu kipimo ni macho na pua ya mpishi, na wallahi wapishi wetu wanajua, usidhani hawajui. Mama yangu alikuwa anajua kwa sauti tu kachori ikiingia. Anaejua na hana pesa ya mafuta mapya atafanya nini?

Jumatano mtu kanipigia simu anataka kununua kwetu madumu matatu, kasema ya kupaka mbao. Nilimuuliza mbao gani, banda liko wapi, akawa anababaika. Sikumuuzia. Na tangu hapo hatumuuzii mtu binafsi, hata jirani, hata ndugu, ndo mana nimesisitiza yale maandishi mekundu. Kama kazi yetu itakuwa kuchukua mafuta mabovu mtaa mmoja na kuyarudisha kwenye makarai ya mtaa mwengine basi bora tukae nyumbani.

Wiki ya 6

Makaratasi. Manispaa, mazingira, kibali cha kusafirisha. Ofisi moja tumeambiwa turudi mara nne. Ami ana subira kuliko mimi, kazi hiyo nimemuachia.

Lita za wiki: 140.

Wiki ya 8, vunja jungu

Mwisho wa Shaabani, watu wanapika, wanakula, wanatembea. Tumepata lita 190 bila ya kuongeza hata mtaa mmoja. Nimeanza kuogopa Ramadhani itakuwaje, kwa sababu kila mtu na dada yake ataweka karai nje.

Wiki ya 9 mpaka ya 12, Ramadhani

Nimeshindwa kuandika kila wiki, nisameheni, naandika yote pamoja.

Mchana mji umelala, mikahawa imefungwa. Ikifika saa 9 makarai yote yanawashwa kwa wakati mmoja, kila kona sambusa, katlesi, bajia, kachori, kalimati, mpaka adhana ya magharibi, alafu kimya, alafu baada ya tarawehe wauza urojo na mishkaki wanaendelea mpaka daku. Zile njia zetu tatu zimekufa zote siku ya kwanza. Muda wa kuosha karai umehamia saa 1 mpaka saa 2 usiku, na huo ndo muda siye wenyewe tunafuturu na kwenda kusali. Tukapanga hivi: mmoja anafuturu kwa tende na maji anaingia njiani, wengine wanafuatia baada ya isha. Njia ya asubuhi ikabaki kwa wale wa usiku mkubwa tu.

Lakini habari kubwa ya mwezi huu sio saa. Ni bi mkubwa mmoja wa Jang'ombe.

Huyu bi mkubwa alikuwa anatukatalia tangu wiki ya 4. Anakaanga kalimati na bajia, msafi kupita kiasi, na kila tukipita anasema hana. Siku ya tatu ya mfungo nimempitia kumtakia Ramadhani njema tu, kwa kweli sikuwa na nia ya kuomba mafuta, akanikalisha, akanambia maneno haya nimeyaandika usiku ule ule: "Nyie mnanipa pesa. Pesa ikiingia mkononi mwangu ina wenyewe, kuna umeme, kuna maji, kuna mtoto anataka daftari. Kesho yake nakaangia nini? Nipeni mafuta. Mimi nikupe mabovu, wewe unipe mazuri, hata kidogo."

Nimerudi nyumbani tukakaa na kalamu. Siye tukinunua mafuta mapya kwa jumla, dumu la lita 20 tunalipata kwa 84,000, sawa na 4,200 kwa lita. Lakini bi mkubwa na wenzake hawanunui dumu, wananunua robo lita dukani kwa 1,500, yaani lita moja inawatoka 6,000. Kwa hiyo lita ile ile kwetu ina thamani ya 4,200 na kwake 6,000. Tukitoa lita 1 mpya kwa kila lita 5 za zamani, dumu la lita 20 linageuka lita 4 mpya: sisi tumetoa 16,800, mwenzetu kapata kitu ambacho dukani angelipa 24,000. Ukiweka pembeni ya ile 25,000 ya kumuuzia mwengine, inakaribiana kabisa. Na zaidi ya yote, yule anaenunua mafuta machakavu kwa kukosa mapya, sasa ana njia ya kupata mapya kidogo kidogo.

Hii fikra haikutoka kwangu, wala kwenye mtandao, wala kwa mtu mwenye mradi. Imetoka kwa mtu ambae tulikuwa tunamuandika kwenye daftari kwamba "hana ushirikiano." Ile karatasi nimeichana.

Tukaanza wiki ya pili ya mfungo. Kila mtu ana kijikaratasi chake na siye tuna daftari, akitoa lita mbili na nusu anapata nusu lita mpya, hatungoji zifike tano. Mafuta mapya tunayapima mbele yake kwa kipimo chenye alama, kwa sababu kupunja kipimo mwezi kama huu, au mwezi wowote, ni kitu ambacho siwezi kukibeba.

Wiki ya 9 lita 210. Wiki ya 10 lita 345. Wiki ya 11 lita 520. Wiki ya mwisho, ile ya kuelekea sikukuu ambapo wanawake wanakaanga visheti, tumefika lita 610 na madumu ya buluu yakatuishia, ami kaenda kutafuta mengine Mwanakwerekwe saa 4 usiku.

Na yule mwanamke wa mihogo kaja mwenyewe mpaka stoo. Kaleta lita 5, nyeusi tii, kapata lita 1. Akaishika juu kwenye taa akaitizama muda mrefu.

Tatizo ambalo limejitokeza, na sijui wengine wanalitatuaje, ni mtaji. Mafuta mapya tunanunua leo kwa pesa taslimu, na machakavu yanakaa stoo mpaka yafike mzigo wa kupeleka Dar. Katikati hapo pesa yetu yote ni mafuta.

Wiki ya 13

Masika yameingia kwa nguvu. Bondeni Mwanakwerekwe maji yamejaa njia haipitiki, bajaji haiendi, tumekosa sehemu 14 kwa siku sita. Na stoo imevuja, mapipa mawili yameingia maji.

Maji kwenye mafuta ndo adui mkubwa wa kazi hii, basi nieleze tunavyofanya. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ukiyaacha pipani siku tatu bila kuyatikisa maji na unga wa bajia vinakaa chini, unafungua koki ya chini unavitoa mpaka uone mafuta yanaanza. Tunachuja kwanza kwa chujio la chuma, alafu kitambaa cha kanga kuukuu mara mbili, kanga nzuri kwa hilo kuliko chandarua. Kujua kama maji yamekwisha: pasha kikaango kidogo, tia kijiko kimoja, ukisikia yanalia na kuruka basi bado kuna maji. Yakikaa kimya ni sawa.

Mafuta yaliyokaangia samaki ndo yenye shida zaidi, yana maji, yana chumvi, na harufu. Saivi tunayaweka pipa lake peke yake.

Kipimo cha pili ni cha kujua yameharibika kiasi gani, na hichi nimekipenda kwa sababu kinatumia bizari. Unayeyusha gramu 1 ya kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) kwenye lita 1 ya maji safi yale ya kuongezea kwenye betri, sio tindikali ya betri. Unachukua mililita 1 ya mafuta, mililita 10 za spiriti safi, na matone ya spiriti iliyolowekwa bizari ya manjano. Alafu unatia yale maji ya kostiki kidogo kidogo kwa sindano isiyo na ncha ukihesabu, mpaka ile manjano igeuke nyekundu na ibaki nyekundu. Mafuta mapya yanageuka karibu mara moja. Ya bi mkubwa wa Jang'ombe yaligeuka kwenye mililita 1.5, mazuri sana. Ya mihogo yalikwenda mpaka 7. Mililita zikizidi mana yake tindikali ni nyingi, na kadri tindikali ilivyo nyingi ndo dizeli inavyokuwa ngumu kutoka, badala yake yanageuka sabuni ndani ya mtambo, kwa hiyo mnunuzi anayajali haya na siye tunataka kujua kabla yake.

Wiki ya 14

Sabuni basi. Yale mabovu ambayo mnunuzi hatayataka, na ile pesa iliyokwama, vyote vimetupeleka huko. Kuna kikundi cha wanawake mtaani kwetu wawili kati yao walijifunza kutengeneza sabuni ya mwani upande wa Paje, tumeungana nao kwa sabuni ya mche ya kufulia.

Mafuta tunayachemsha kwanza na maji ya chumvi, yanatuama, maji yanatolewa, rangi inapungua na harufu pia. Kilo 1 ya mafuta, kostiki gramu 130, maji mililita 300. Kostiki ndo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimimine maji juu ya kostiki, inaruka usoni. Glavu, miwani, na sufuria isiwe ya alumini kabisa kwa sababu kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka. Tunatumia ndoo za plastiki nene na mwiko wa mbao.

Mara ya kwanza harufu ya samaki ilibaki. Mmoja kaleta mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoka Pemba, tukatia vijiko vitatu tukitarajia harufu ya karafuu itafunika kila kitu. Sabuni ilishika ghafla ndani ya ndoo, ngumu kama jiwe, mwiko ukabaki humo humo kabla hatujamimina kwenye fremu. Baadae tumejua mafuta ya karafuu yanaharakisha sabuni kushika. Sasa tunatia kidogo sana, tena mwisho kabisa, au tunatumia mchaichai. Vipande vinakaa wiki nne kabla ya kuuzwa, visiwashe mikono.

Wiki ya 16

Mahoteli. Nilidhani huku ndo kwenye mafuta mengi na kwa lita ni kweli, mashine moja ya kukaangia ya hoteli inatoa lita 10 au 15 kwa mara moja, masafi, hayajachoka sana. Lakini mwezi huu wa masika wageni hakuna na mengine yamefunga mpaka Juni. Hoteli moja ya pwani tulikubaliana na meneja, tukaenda mara mbili na keri, mara zote mbili mafuta yashachukuliwa na mtu wa jikoni akauza pembeni. Sina nia ya kumharibia mtu kazi, mshahara wa jikoni naujua. Tumependekeza kwa meneja kwamba malipo ya mafuta yaingie kwenye mfuko wa wafanyakazi wa jikoni wenyewe, waandike wao, wagawane wao. Kakubali kujaribu wakifungua.

Kitu kimoja nimekiona kwenye daftari na kimenipa moyo: mtaa na hoteli havipandi pamoja. Ramadhani mwaka huu imeangukia kabla ya masika, mtaa ulijaa. Juni mpaka Oktoba wageni watakuja, hoteli zitajaa, na mtaa utakuwa wa kawaida. Mtu akitegemea upande mmoja tu kuna miezi atakaa na mapipa matupu.

Mji Mkongwe keri haipiti vichochoroni, tunatumia gari la hamali, yaani mkokoteni, mpaka barabarani. Forodhani tumeanza na wanne tu, kwa mtindo ule ule wa kuacha dumu, kuchukua kesho yake.

Wiki ya 18

Mzigo wa kwanza umekwenda Dar, madumu 52, kwa boti ya mizigo. Daftari letu lilisema lita 1,040.

Mnunuzi anapima kilo. Mimi nilijua hilo kichwani lakini sikulifanyia hesabu. Lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni kama gramu 920, kwa hiyo lita 1,040 ni kilo 957 kwa makadirio. Na siye madumu tulikuwa tunayahesabu lita 20 kila moja kwa macho, mengine hayakujaa mpaka shingoni. Mizani yake ilisoma kilo 911. Akakata na maji aliyoyakuta chini ya madumu sita, yale yaliyotoka kwenye mapipa yaliyovujiwa. Tumelipwa kilo 884 kwa shilingi 1,200. Ukilinganisha na tulichokitarajia, tumepoteza kama 88,000, dumu zima la mafuta mapya na chenji kidogo juu.

Ami alinyamaza kimya siku nzima. Jioni kaja na mizani ya kuning'iniza, kainunua kwa pesa yake, kaifunga kwenye bomba la keri.

Kwa hiyo kuanzia wiki hii kila dumu linapimwa mlangoni kwa mtu, mbele yake, kwa kilo. Ile tano kwa moja tumeigeuza: kilo 4 na nusu za zamani kwa lita 1 mpya. Nimeogopa watu wataona tumewabadilishia, nimewaeleza mmoja mmoja, nimewaonesha mizani kwa mfuko wa mchele wa kilo 5 kutoka dukani ili waone inasema kweli. Wawili wamelalamika. Bi mkubwa wa Jang'ombe kaniuliza kitu kimoja tu, kama na yale mapya ntayapima kwa mizani hiyo hiyo. Nimemwambia ndio, na ntayapima.

Wiki ya 19

Upepo wa kusi umeanza, asubuhi kuna baridi kidogo na yale mafuta ya mawese mazito yanaganda chini ya dumu kama samli, hayatoki kwenye faneli. Tunayaanika juani mpaka saa 5 ndo tunachuja.

Lita, au niseme kilo, za wiki: 318. Sehemu zilizo kwenye daftari: 97. Zinazobadilishana na mafuta mapya: 71. Sabuni miche 240 inakauka, ya kwanza itatoka Ijumaa inayokuja, na pesa yake yote inakwenda kwenye mafuta mapya ya mwezi ujao.

Kuna kijana wa Chake Chake, Pemba, kaniandikia anataka kuanza huko, kaniuliza aanze na mapipa mangapi. Nimemwambia mapipa ayaache kwanza, achukue daftari, akae karibu na makarai wiki mbili, aandike kila mmoja anaosha saa ngapi na mafuta yake yanakwenda kwa nani.

Kesho saa 2 asubuhi njia ya maandazi. Vifuniko vya madumu 9 vimepotea, napitia Darajani kuvitafuta kabla.